Koki Iliyokuwa Imefungwa

Guayaquil, 9 Mei 1937

Dada Zoila,

Shikamoo. Salamu zako nilizipata kwa Abdón wa reli, pamoja na kile kifuko cha unga wa shayiri iliyokaangwa, ambacho mumeo alikimaliza kwa siku nne akidai ananilinda na kuvimbiwa. Mimi mzima. Joto la huku limenikondesha mimi na kumnenepesha yeye, sijui anafanyaje. Mpe Mama Natividad shikamoo yangu, umwambie mwanawe Delfín anakula, analala, na Jumapili anakwenda misa akiwa na shati lililopigwa pasi. Targelia mwambie mjomba wake hajasahau utepe wa nywele. Muuzaji ni mgumu, bado nambembeleza.

Sasa habari za Delfín, maana najua ndizo unazozitafuta tangu mstari wa kwanza.

Nilimwingiza kwenye kiwanda chetu cha barafu Jumatatu ya wiki iliyopita. Wewe unamjua. Miaka kumi na minne amepanda mlima Chimborazo na shoka begani, akakata barafu, akaifunga kwa nyasi za mlimani na kuishusha kwa punda hadi sokoni. Nilipomwonyesha mnyororo ukitoa bonge la barafu kwenye kopo lake, refu kama Targelia, alisimama akaligonga kwa kidole.

"Hii imetoka wapi?"

"Mtoni, shemeji. Ni maji yaleyale unayoyaona pale nje, yamechujwa tu."

"Usinifanye mtoto, Beto."

Basi nikamweleza kama nilivyoelezwa na Bwana Lisandro, mkuu wa mitambo. Kuna gesi inaitwa amonia. Huioni, ila ikikupita puani mara moja hutaisahau. Kompresa inaishindilia mpaka inakuwa ya moto. Inapita kwenye mabomba yanayomwagiwa maji ya mto, inapoa, na kwa kuwa imebanwa na imepoa haiwezi tena kubaki gesi, inageuka maji. Maji hayo yanajikusanya kwenye tangi. Kisha tunayaachia kidogokidogo kwenye koki nyembamba, yaingie katika mabomba mengine yaliyolazwa ndani ya maji ya chumvi. Humo hayabanwi na kitu, basi yanachemka na kurudi kuwa gesi. Ili yachemke yanataka joto, na joto yanalichukua kwenye yale maji ya chumvi. Maji ya chumvi yanakuwa baridi kupita barafu yenyewe, na makopo ya maji matamu yaliyozamishwa humo yanaganda. Gesi inarudi kwenye kompresa, mambo yanaanza upya.

Delfín aliligonga tena lile bonge.

"Kwa hiyo kinachemka bila moto, na kikichemka kinagandisha."

"Ndiyo hivyo."

"Na padri anajua?"

Mafundi walicheka mpaka wakashika kuta. Tangu siku hiyo wanamwita Monsinyori, naye anawabariki kwa kitambaa cha mafuta. Kazi yake ni kupaka mafuta, kufuta na kuangalia vipimo. Anajifunza haraka kuliko nilivyojifunza mimi.

Anakusalimu sana. Yuko hapa pembeni anataka niandike kwamba anakukumbuka, ila ananiambia niandike kwa namna ambayo mimi sitasikia. Nimeshindwa.

Mdogo wako,
Heriberto


Rumipamba, 2 Juni 1937

Mdogo wangu Beto,

Marahaba. Barua hii msomee Delfín taratibu, usisome kama mtu anayefukuzwa na mbwa, maana ndivyo unavyosoma tangu utoto.

Huku tuko salama. Sakitu imeunguza viazi vya upande wa bondeni, vya juu vimepona. Goti la Mama Natividad linamsumbua asubuhi, mchana analisahau kwa ajili ya kugombana na kuku. Targelia sasa anasoma peke yake. Barua yako aliisoma yote, na ile habari ya gesi kuwa maji alinieleza mimi nikiwa naosha vyombo, akitumia sufuria na kifuniko. Nilielewa. Huyu mtoto tutamtafutia shule ya mjini.

Delfín, mume wangu, mzee Ezequiel wa Udugu wa Bwana wa Huruma ameniuliza mbele za watu kama bado unakishika kiapo chako huko pwani. Nimemjibu kwamba pombe haijagusa mdomo wako tangu kabla Targelia hajazaliwa, na hutaianza leo kwa sababu ya joto. Akasema vyema, jina lako linabaki kwenye kitabu. Nimekueleza ujue tu kwamba wanakuulizia.

Lipo jambo nataka kukuambia. Si baya. Siliandiki, kwa sababu kila ninachoandika kinapita kwanza mdomoni mwa Beto, na mengine mke humwambia mumewe bila wakili. Utalisikia ukija Agosti kuvuna shayiri. Na wewe Beto, acha kukisia na uendelee kusoma.

Mwangalie shemeji yako. Nimekukabidhi.

Dada yako,
Zoila


Rumipamba, 15 Agosti 1937

Heriberto,

Tuko hai.

Telegramu yako ilifika tarehe ishirini na saba Julai. Ilisema Delfín amefariki kwa ajali kazini na kwamba amekwisha kuzikwa. Nilingoja barua. Kila treni ilipopita nilimtuma Targelia kwa Abdón, naye alirudi mikono mitupu.

Kilichofika ni karatasi ya kiwanda. Imeletwa na mjumbe wa tarafa, ikasomwa uani kwangu majirani wakiwa wamejaa. Inasema marehemu alikuwa amelewa akiwa kazini. Inasema katika ulevi wake alifunga koki mbili ambazo hazifungwi pamoja, bomba likapasuka, gesi ikamuua. Inasema kwa hiyo kiwanda hakina lawama.

Mama Natividad aliomba isomwe tena. Iliposomwa mara ya pili aliingia ndani akafunga mlango.

Chini ya karatasi kuna jina la shahidi. Sikuhitaji kusomewa. Ni mwandiko niliokufundisha mimi kwa mkaa kwenye ubao wa mlango, wengine wote wakiwa wamelala njaa na mama yetu yuko kaburini. Ile H yenye mkia ni yangu, Beto. Nilikuambia mkia si wa lazima, ukaupenda.

Delfín alikuwa mume wangu miaka kumi na mmoja. Niambie kilichotokea.

Zoila


Guayaquil, 30 Agosti 1937

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba radhi kwa kuchelewa. Nilikuwa na homa, halafu kazi ikawa nyingi, na kila nilipokaa kuandika mkono ulikuwa mzito. Natumaini barua hii itawakuta wazima wote. Shayiri mmevunaje? Nani aliwasaidia? Nimeumia sana kufikiri mmevuna peke yenu.

Kuhusu mazishi, yalikuwa ya heshima. Alizikwa kwenye makaburi ya kilimani, upande unaopata kivuli mchana. Wafanyakazi wote wa kiwanda walikuja, hata wale wa mikokoteni. Nilimvika lile poncho lake la sufu la kahawia ingawa watu walisema kuna joto. Haikuwezekana kumleta huko, dada. Hali ya mwili haikuruhusu treni, na ilikuwa siku ya sikukuu ya mji, ofisi zote zimefungwa. Msalaba ni wa mbao lakini nimeupaka rangi mwenyewe na jina linasomeka vizuri. Kila Jumapili nakwenda.

Mambo ya mitambo ni magumu kuyaeleza kwenye barua. Yana vipimo vingi. Mimi nilijibu nilichoulizwa. Hapa kiwandani watu bado wanamtaja vizuri, wanasema hapakuwa na mtu mwenye utani kama wake.

Nimemtumia Targelia ule utepe. Ni wa buluu, mwekundu ulikuwa umekwisha.

Mdogo wako anayekupenda,
Heriberto


Rumipamba, 19 Septemba 1937

Beto,

Marahaba. Utepe umefika. Targelia ameuweka kwenye kopo, hajauvaa.

Mei ulinieleza mtambo mzima kwa ukurasa mmoja, mpaka mtoto wa miaka tisa akauelewa kwa sufuria. Sasa umekuwa mgumu, una vipimo vingi. Sawa. Mimi nitakueleza ninayoyajua, wewe utajaza.

Abdón alishuka Guayaquil wiki mbili zilizopita. Nilimwomba apite kiwandani. Langoni aliongea na yule mama anayeuza maji ya ukwaju, ambaye hununua barafu yenu kila siku. Alimwuliza, "Yule mtu wa mlimani aliyekufa, alikuwa mlevi?" Mama akamwambia, "Monsinyori? Yule hata maji yangu alikuwa anayanusa kwanza ahakikishe hayajachacha." Halafu akasema jambo jingine, bila kuulizwa. Alisema siku ile kijana anayeshika funguo sasa hakuwepo, alionekana akija mbio barabarani baada ya mlipuko. Abdón akauliza kijana gani. Akamwambia, "Huyo shemeji yake. Sasa amekuwa mkubwa, ndiye mlinzi wa chumba cha mitambo."

Hukuniandikia kwamba umepandishwa cheo. Hongera.

Huku nako yapo ambayo sikukuandikia. Mzee Ezequiel alikuja na wazee wawili. Alikaa pale kwenye kigoda cha Delfín, akazungushazungusha kofia mikononi. Alisema karatasi ya serikali imesomwa hadharani, na aliyevunja kiapo cha Udugu hawezi kutajwa kati ya marehemu wa Udugu kwenye misa ya tarehe mbili Novemba. Nikamwambia, "Mzee, wewe ulikula naye miaka kumi na mmoja. Ulimwona siku gani na glasi?" Akasema, "Mimi sikumwona, binti yangu. Lakini ndugu yako ameandika kwamba alimwona." Ungekuwa mimi ungemjibu nini?

Tangu siku hiyo Mama Natividad haendi kanisani. Amekuwa mama wa mlevi akiwa na miaka sabini na mbili. Shuleni mtoto mmoja alimwambia Targelia baba yake alikufa amelala kwenye matapishi. Alirudi nyumbani na mdomo umechanika, na yule mwenzake, naambiwa, ana jino moja pungufu. Sikumpiga.

Na lile jambo nililotaka kumwambia Delfín. Ni mimba. Sasa ina miezi mitano na nusu. Nilitaka auone uso wangu nikimwambia, maana tulikuwa tumekwisha kukata tamaa baada ya wale wawili waliozaliwa wamekufa. Sikutaka alisikie kwa sauti yako. Amekufa hajui. Hilo ni kosa langu na ninalibeba mimi, sikupi wewe.

Lako lichukue. Siku ile, saa ile, ulikuwa wapi?

Zoila


Rumipamba, 10 Oktoba 1937

Wiki tatu zimepita. Abdón anasema reli haijakatika popote.

Mama Natividad ameniuliza kama umekufa na wewe. Nimemwambia sijui.

Zoila


Guayaquil, 27 Oktoba 1937

Dada Zoila,

Shikamoo. Sina habari nzuri za kutanguliza na sitazitunga. Nimeandika barua hii katika chumba ambacho lazima nikihame Jumamosi. Ndani ya bahasha kuna karatasi nyingine yenye muhuri, nitaieleza mwishoni. Nakuomba usome yote kabla ya kuichana.

Ilikuwa Jumamosi, tarehe ishirini na nne Julai, mkesha wa sikukuu ya mji. Mikokoteni ilikuwa imetoka na barafu tangu alfajiri. Ilipokaribia saa sita mchana, Bwana Lisandro aliniambia gasketi inayoziba ile koki nyembamba inavuja, nisimamishe mtambo kwa saa moja niibadilishe. Kisha akaenda zake kula.

Bomba linalotoka kwenye tangi kwenda koki nyembamba ni refu, linapita ukuta mzima. Ndani yake mna amonia iliyogeuka maji. Ukitaka kulifungua, unafunga kwanza koki ya tangi, unaiacha kompresa iendelee kuvuta mpaka maji yote ya bomba yaishe na kipimo kishuke. Ndipo unafunga koki ya pili, ya mwisho wa bomba. Inachukua nusu saa ya kusimama tu na kutazama kipimo. Nimeifanya mara mia.

Mimi nilikuwa na miadi na msichana. Anaitwa Elvira, sijawahi kukuandikia habari zake. Tulipanga kutembea ukingoni mwa mto saa tisa. Nilitaka kunyolewa, na kinyozi wa mtaa wa pili siku ya mkesha anajaza watu. Nikafunga koki zote mbili palepale, bomba likiwa limejaa, nikazima kompresa. Nilijiambia nitarudi baada ya dakika ishirini, nifungue moja, nifanye inavyotakiwa.

Delfín alikuwa anafuta mafuta sakafuni. Nilimwambia, "Shemeji, niangalizie, narudi sasa hivi."

Akasema, "Nenda, bwana harusi. Ila mwambie kinyozi asiyaguse hayo masikio, bila hayo dada yako hatakutambua."

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho kwangu. Sikumwambia kwamba nimefunga koki. Sikuona haja.

Gesi ukiibana inakubali kupungua, dada. Ikishakuwa maji haikubali. Ukiyafungia maji hayo bila nafasi, kisha yakapata joto, yanavimba, na hayana pa kwenda. Ukuta ule ni wa mabati na jua la adhuhuri linaupiga moja kwa moja. Kwa kinyozi palikuwa na foleni. Nilingoja. Nilikaa nikasoma gazeti la mtu mwingine.

Nilikuwa na sabuni shavu moja niliposikia. Haikuwa sauti kubwa. Baadaye watu wakaanza kupita mlangoni wamejifunika pua na mashati. Nilikimbia na kile kitambaa cha kinyozi shingoni. Sikuweza kuingia. Mtu yeyote angekufa. Tulingoja zimamoto na magunia yaliyoloweshwa, tukaingia nyuma yao.

Mlango wa uani ulikuwa wazi, hatua sita kutoka pale alipokuwa akifuta sakafu. Nimezipima. Angeweza kutoka. Wenzake wawili waliokuwa kwenye makopo ya barafu walitoka na wako wazima. Yeye hakuelekea mlangoni. Tulimkuta kwenye tangi, amepiga magoti, mikono yote miwili juu ya koki, kama bado anaikaza. Mimi ndiye niliyemfundisha. Wiki ya kwanza nilimwambia, kitu chochote kikipasuka humu, kimbilia koki ya tangi kwanza, maana ikibaki wazi tangi lote litamwagikia mtaani, na pale langoni huwa wamekaa wanawake na watoto wanangoja barafu. Alikumbuka. Aliingia katikati ya moshi ule akaishika, akaikaza mpaka alipokosa pumzi.

Nilikuwa nimeshaifunga. Ningemwambia maneno mawili tu kabla ya kutoka, angekimbia kama wenzake.

Bwana Lisandro alinichukua pembeni. Alizitazama koki, alielewa mara moja. "Nani alifunga hizi?" Chumbani mlikuwa na chupa ya pombe kali ambayo tunasafishia vioo vya vipimo. Ilikuwa imevunjika, ilinuka. Akaitazama, akanitazama. "Marehemu hafukuzwi kazi, Beto," akasema. "Wewe unafukuzwa, na jela unakwenda, na mimi nakwenda nawe kwa kutosimamia." Karatasi ililetwa siku ya tatu. Niliisoma yote. Nilijua kila neno ni uongo, nikaandika jina langu chini, na ile H na mkia wake, kwa sababu mkono hauijui njia nyingine.

Ndiyo, walinipa funguo. Nilizipokea.

Barua yako ya Septemba ilinifika tarehe ishirini na tano mwezi huohuo. Niliisoma mpaka mahali pa mimba, nikaiweka chini ya godoro. Sikukujibu kwa kuwa hapakuwa na jibu ambalo lingeniacha nilivyo. Elvira aliikuta. Hakupiga kelele. Aliniuliza, "Siku ile ulikuwa unakuja kwangu?" Nikamwambia ndiyo. Akavaa viatu akaenda kwao, na sijamwona tena.

Juzi Jumatatu nilikwenda kwa Bwana Lisandro nikamwambia nataka kuyaondoa maneno yangu. Akasema karatasi ziko Quito serikalini, zimeshapigwa muhuri, na mtu anayebadili ushahidi ni mwongo mara mbili. Akaniomba funguo. Nikampa. Nikaenda kwa wakili wa viapo nikaeleza yote, naye ameyaandika. Yule kinyozi amekubali kuwa shahidi. Ameapa kwamba wakati bomba linapasuka nilikuwa kwenye kiti chake, na kwamba sikulipa. Hiyo ndiyo karatasi iliyo ndani. Mpelekee mzee Ezequiel aisome kabla ya misa ya tarehe mbili. Abdón ameniahidi barua itapanda na treni ya kesho.

Delfín hakuwa amelewa. Hakuonja hata tone kwa miezi yote aliyokaa nami. Siwezi kuomba unisamehe, na sitaomba. Nilitaka tu uwe na ukweli kwa mwandiko wangu.

Heriberto


Rumipamba, 14 Novemba 1937

Mdogo wangu Beto,

Marahaba.

Barua yako imefika tarehe sita. Mvua iliporomosha mlima juu ya reli, treni zikasimama chini siku tano. Kwa hiyo misa ya marehemu ilikuwa imepita.

Nitakueleza ilivyokuwa. Mama Natividad siku hiyo aliamka mapema akavaa shali yake nyeusi, akasema anakwenda. Nilimsihi abaki. Akaniuliza kama kanisa limehama. Tukaenda wote, na Targelia, na tumbo langu. Mzee Ezequiel alisimama mbele na kitabu akasoma majina ya Udugu kwa mpangilio wa kufa kwao. Akamsoma Tránsito Lema, aliyekufa Juni. Akapumua, akataka kumsoma Manuel Pilco, aliyekufa Agosti. Kati yao, Mama Natividad akasema kutoka pale alipokaa, kwa sauti ile anayoitia kuku, "Delfín Ushca." Watu wote waligeuka. Padri aliinua kichwa. Yeye hakumtazama mtu, alikuwa anatazama mbele, akasema tena, "Delfín Ushca, mwanangu." Mzee Ezequiel alibaki amefungua kinywa. Halafu padri akasema, "Apumzike kwa amani," na kanisa likaitikia, wengine kwa mazoea tu, wengine nadhani kwa kutaka. Kisha akasomwa Pilco.

Hapakuwa na karatasi bado. Alisema bila karatasi.

Karatasi yako ilipofika nilimpelekea mzee Ezequiel siku ileile. Alisoma amesimama, kisha akakaa akasoma tena. Jumapili iliyofuata aliisoma katika ua wa kanisa, yote, hata kinyozi na kiti chake. Jina limerudi kitabuni. Alikuja kumwomba radhi Mama Natividad, akamletea jogoo. Amempokea jogoo. Radhi amesema ataifikiria.

Barua yako mwenyewe nilimsomea jikoni. Nilisoma polepole. Nilipofika mahali pa masikio alicheka, Beto, akajiziba mdomo. Nilipofika mahali pa mlango na hatua sita aliniinulia mkono nisimame. Akauliza, "Aliingia?" Nikamwambia, "Aliingia." "Mlango ulikuwa wazi, na yeye akaingia." "Ndiyo, mama." Akakaa hivyo mpaka chungu kikaungua. Kisha akasema nimwandikie Heriberto aje, aseme mwenyewe kwa mdomo wake, mbele yangu na mbele yake na mbele ya mtoto. Nikamwuliza atakufanya nini. Akasema hajui mpaka akuone.

Mimi nami sijui. Kuna asubuhi naamka nikiwa dada yako, nakufikiria huna kazi na huna chumba, nataka kukutumia unga. Kufika mchana mimi ni mke wa Delfín, na nakuona umekaa kwa kinyozi unasoma gazeti la mtu. Sijajua nitakuwa nani siku utakayoshuka kwenye treni.

Targelia ameuliza kama mjomba atakuja. Nimemwambia ndiyo kwanza namwandikia.

Reli imefunguliwa. Leta udongo wa kaburi lake pale kilimani, kiasi cha kushika mkononi, na kama msalaba unahitaji rangi upake kabla ya kuondoka. Shuka kituoni mchana watu wakuone, usinyemelee. Utakaa hapa. Kuta za shamba la bondeni zimeanguka kwa mvua na mimi siwezi kuinama.

Barua hii nimeiandika mara tatu. Katika zile mbili za kwanza niliandika kwamba nimekusamehe, kisha nikazichana, kwa kuwa haikuwa kweli. Katika hii sikuandika. Njoo hivyohivyo.

Zoila